Mchezaji wa Tenisi Asiyekimbia

Watu wakinitaka niwasimulie habari za tenisi, huanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Huwaacha wacheke. Kicheko cha mji huu nakijua vizuri: ni cha watu wasiofanya jambo lolote ila kumtazama anayelifanya. Mimi ni mchezaji mstaafu wa tenisi wa Amu. Kabla yangu hakuwapo mwingine, na tangu nilipoacha wamekaa barazani wakisubiri atokee wa pili, naye hajatokea.

Kisiwa chetu sisi hukiita nti, yaani nchi, na ukimsikiliza mtu wa mtaa wa Mkomani akilitamka neno hilo utadhani ana majeshi na mipaka. Kwa kweli ni mji wa mawe wenye mitaa miwili inayodharauliana, punda wengi kuliko kazi zao, na wazee wanaosimulia vita ambavyo wao wenyewe hawakuvipigana. Akija mtu kutoka Faza, akiwa ametembea hadi Mtangawanda na kuvuka kwa mashua, akafika kwetu na vumbi miguuni, sisi humtazama viatu kwanza ndipo tumjibu salamu. Taifa dogo lina kazi kubwa ya kujikuza, na kazi hiyo hatukuionea uvivu hata siku moja.

Kiwanja kililetwa na Bwana Mkubwa wa kwanza niliyemtumikia. Wakati huo mambo ya mji yalikuwa yamekwisha kupinduka. Bendera iliyopepea ilikuwa ya Sultani, lakini aliyeamua alikuwa yeye, Mzungu mmoja mwenye homa. Watumwa walikuwa wameachwa huru, na waungwana wengi, wakiwa na mvi ndevuni, walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza maji hutekwa wapi. Mimi nilikuwa karani wa forodha, kijana mwenye mikono mirefu. Daktari aliyekuwa akicheza na Bwana Mkubwa alihamishiwa Mombasa, na yule bwana akabaki na raketi mbili na hana wa kumpigia mpira. Siku moja alinisimamisha forodhani, akanitazama mikono kama anayenunua ng'ombe.

"Wewe taka cheza?" akaniuliza. Kiswahili chake alijifunza kwa watu wa bara, ambao nao, nafikiri, walijifunza kwake.

"Kama Bwana aonavyo," nikamjibu. Hapakuwa na jibu jingine.

Aliwaita mafundi wa mtaa wa pili, Langoni, wale wanaojenga madari, mapaa yetu ya chokaa, akawaambia anataka sakafu ya chokaa nyuma ya nyumba yake, upande wa mashambani. Mafundi wetu wamejenga dari tangu enzi za babu zao, na dari haijengwi tambarare. Huinamishwa upande mmoja ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Basi walimwaga kokoto na chokaa, wakapigilia kwa magongo huku wakiimba, na walipomaliza Bwana Mkubwa alijikuta na dari safi kabisa, iliyo juu ya ardhi, imeinama kuelekea baharini. Alipouliza kwa nini, fundi mkuu alimtazama kwa huruma. "Na mvua ikinya, Bwana?" Bwana Mkubwa alivua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani kunywa dawa yake ya homa.

Wavu uliokuja na raketi ulikuwa umeliwa na panya boharini. Tukafunga jarife kuukuu, lile la kuvulia papa, lenye matundu ya kupita kichwa cha mtu. Kwa hiyo mpira ukifika upande wa pili, kwanza ilibidi tubishane kama ulipita juu au ulipita ndani. Bwana Mkubwa aliapa kwa mfalme wake, mimi niliapa kwa Mola wangu, na aliyeshinda ubishi alikuwa yeye, kwa sababu jela ilikuwa yake.

Sasa lipo jambo moja la watu wetu ambalo mgeni huliona mzaha. Mwungwana wa Amu hakimbii. Mvua ikimnyea, hutembea. Ng'ombe akimfuata kichochoroni, hutembea, na kama ni kupigwa pembe atapigwa pembe akitembea. Kukimbia ni kwa watoto, wapagazi na wezi. Mtu mzima akionekana anakimbia, barazani huulizana ameiba nini, na jibu lisipopatikana hulitunga wenyewe.

Ami yangu, ndugu mkubwa wa marehemu baba, alikuwa bingwa wa kutembea. Watumwa wake walipoondoka hakubaki na wa kumtuma sokoni, na mwungwana habebi kikapu. Basi alinunua samaki mwenyewe, akamficha kwapani, ndani ya joho. Alipita katikati ya mji polepole, bakora mkononi, akitoa salamu kulia na kushoto, na mkia wa kolekole ukichungulia chini ya joho. Mji mzima uliuona mkia ule. Hakuna aliyethubutu kuutaja, kwa maana kila mmoja alikuwa na mkia wake wa kuficha.

Kwake ndiko nilikoposa. Binti yake nilimpenda tangu tulipokuwa watoto tukikimbizana darini kwao, na kila mara alinishinda. Alikuwa akinifikia, akinigusa mgongo kwa kidole kimoja, akigeuka na kurudi alikotoka kabla sijavuta pumzi. Kisha akafika umri wa kuwekwa ndani, nami nikabaki kuisikia sauti yake nyuma ya pazia, nikipita kwao kila siku kwa visingizio ambavyo hata paka wa nyumba ile hakuviamini. Nilimtaka yeye, si mwingine, na sioni haya kuandika hivyo.

Habari za kiwanja zilipomfikia, Ami aliniita dakani kwake, pale penye viti vya mawe mlangoni, wazee wenzake wawili wakiwa wameketi wanatafuna tambuu.

"Nasikia wateza na Mzungu," akasema.

"Ndiyo, Ami."

"Teza. Mtu akiamriwa na serikali hana la kufanya. Lakini nikisikia umekimbia mbee za watu, hata hatua, mke huna. Siwezi kumpa mwanangu mpagazi."

"Mtezo wenyewe ni wa kukimbia, Ami."

"Basi wafunde wao kutembea."

Wale wazee wawili wakatikisa vichwa kana kwamba imetoka fatwa. Nilimbusu mkono, nikaondoka nikiwa na hasira ya kuweza kubomoa nyumba. Hasira yenyewe nilikwenda nayo polepole, kwa adabu, hadi nikapinda kona.

Hivyo nikajifunza tenisi ya kutembea, ambayo sidhani kama ilikuwapo mahali pengine duniani. Nilicheza na kanzu, kofia na makubadhi. Nilichokigundua ni kwamba kiwanja kile kilikuwa upande wangu. Mpira wowote ulioanguka pale, upigwe vipi, uliteremkia upande wa baharini, kama maji. Bwana Mkubwa aliukimbilia pale ulipoanguka. Mimi nilitembea hadi pale ulipokuwa unakwenda, nikasimama, nikaungoja, nikaurudisha upande wa juu ili aukimbilie tena. Aliruka huku na huko kama mbuzi aliyeona chui, uso mwekundu, magoti nje, huku akihesabu ile hesabu yao ya kumi na tano, thelathini, arobaini, hesabu ambayo hata muuza tambi angeionea aibu. Mimi hata kofia haikuinama.

Mji ukaanza kuja kutazama. Baada ya sala ya alasiri walijipanga ukutani, kanzu nyeupe tupu, kimya, wameshika bakora. Bwana Mkubwa aliwapungia mkono. Alidhani wamekuja kumsifu. Walikuja kuona serikali ikikimbia. Wakirudi nyumbani walisema mtoto wetu ameitembeza serikali, na mimi, kwa ujinga wa ujana, nilivimba kichwa. Hawa ndio waliokuwa hawakohoi mbele yake asubuhi, wakipeleka mashtaka yao ya mipaka ya minazi.

Bwana Mkubwa wa kwanza aliondoka na homa yake. Akaja wa pili, mwenye masharubu na sauti kubwa, naye nikamshinda kwa njia ile ile. Huyu alikasirika kwanza, kisha akaona faida: akawa ananionyesha kwa wageni, kama mtu mwenye kasuku anayejua kusalimu. Ndipo ikaja meli ya serikali, na ndani yake afisa kijana ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa bingwa kwao. Wakati wa chakula Bwana Mkubwa akajigamba kwamba anaye mtu wa Amu atakayemshinda bila hata kutoka jasho. Asubuhi akaniita.

"Leo wewe piga huyu bwana," akaniambia. "Mimi nimesema mbele ya watu."

Arusi yangu ilikuwa imepangwa baada ya Maulidi, na Maulidi yalikuwa karibu. Mchana ule akaja kwetu mama mmoja aliyemlea binti ami yangu, akakaa, akanywa maji, akazungumza habari za mbu, na alipokuwa anasimama kuondoka akasema: "Bibi asema yeo alasiri atakuwa darini. Asema ushinde."

Hayo ndiyo niliyokwenda nayo kiwanjani. Ami amesema nisikimbie, binti yake amesema nishinde, na wote wawili watakuwa wakitazama. Ami alikuja na joho lake la Ijumaa ijapokuwa siku ile haikuwa Ijumaa, akawekewa kiti mbele kabisa, karibu na jarife, akaishika bakora yake kwa mikono miwili. Juu ya dari ya nyumba yao, nyuma ya ukuta mfupi, niliona kitambaa cheusi kikitikisika kidogo.

Yule afisa mwanzoni alikuwa kama wenzake. Alipiga kwa nguvu pembeni, mpira ukateremka, nikaukuta nilipokuwa nimesimama, nikaurudisha. Alikimbia, akateleza, akaanguka kwa magoti juu ya ile chokaa yetu. Watu hawakucheka; walivuta tu pumzi kwa pua, jambo ambalo kwetu ni ufidhuli mkubwa zaidi. Niliongoza muda mrefu. Bwana Mkubwa alizunguka kiwanja akisokota masharubu.

Lakini kijana yule hakuwa mjinga. Alisimama kidogo, akaitazama ile sakafu, akautazama mpira unavyoteremka, kisha akanitazama makubadhi yangu. Mpira uliofuata hakuupiga kwa nguvu. Aliugusa tu, ukapanda, ukapita juu ya jarife, ukaanguka pale pale chini yake, upande wangu, nami nilikuwa nyuma kabisa. Nilitembea. Nilipofika ulikuwa umekwisha kuteremka. Akafanya tena, na tena. Nikisogea mbele, aliurusha nyuma; nikirudi nyuma, aliudondosha mbele. Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile nilitamani kulifuta kwa raketi.

Tukafika pale ambapo mpira mmoja ungeamua. Ulikuja tena, laini, juu, polepole kama unaonisubiri. Miguu yangu ilikwisha kuanza. Nasema kweli, kisigino kilikuwa kimeinuka. Nikamwona Ami. Aliinua tu bakora yake kidogo kutoka ardhini, kiasi cha upana wa kidole, akaishusha.

Nikatembea. Nilitembea vizuri sana, kanzu ikianguka sawasawa, na mpira ukadunda mara moja, mara mbili, mara tatu, ukateremka kwenda baharini mbele ya macho ya taifa zima.

Hapo mji wetu ukafurahi kuliko ambavyo ungalifurahi kwa ushindi. Wazee waliinuka wakanishika mkono. Mmoja alisema, "Huyu ni mwungwana." Mwingine alisema Mzungu anaweza kushinda mpira lakini hawezi kushinda watu. Ami alinikumbatia mbele yao wote, kwa mara ya kwanza tangu baba afe, nami nikasikia harufu ya samaki katika joho lake la Ijumaa. Bwana Mkubwa alinipita akasema, "Wewe mvivu tu," akaenda zake. Kati ya yote yaliyosemwa alasiri ile, hilo lilikuwa la karibu zaidi na ukweli, nami nilimchukia kwa hilo hadi alipohamishwa. Nilipotazama darini, kile kitambaa cheusi hakikuwapo.

Arusi ikafanywa. Walikula watu wengi ambao nisingewapa hata maji. Katika fungate, zile siku za kwanza mtu anapokaa ndani na mkewe na hatoki, nilimsubiri aniambie neno. Alinihudumia, alinisikiliza, alinipaka mafuta ya asimini. Siku moja, akinimiminia kahawa, akasema bila kunitazama:

"Ule mpira ungaliupata."

"Babako angaliivunda arusi."

"Huenda," akasema. "Lakini ungaliupata."

Hakulirudia tena neno hilo. Hakuwa mwanamke wa kusemasema. Alikuwa mke mwema, na nyumba yetu ilisifiwa. Ila nilikuwa nikijua, kila nilipoingia ndani kwa mwendo wangu mzuri, kwamba anamtazama mtu aliyeuacha mpira uanguke. Niliendelea kucheza na wakubwa wa serikali wasiojua kudondosha mpira, nikawashinda wote, nikarudi nyumbani kusimulia. Alikuwa akijibu, "Hongera, Bwana," kwa sauti ile ile ya kuniambia chumvi imekwisha.

Kisha vikaja vita vya Wazungu wao kwa wao. Kwetu vilikuja kama maneno: manowari ya Wajerumani imeonekana hapa, imeonekana pale, itaipiga Amu kwa mizinga. Kwa nini mtu aje kutoka Ulaya kuipiga mizinga Amu, hakuna aliyejiuliza. Swali lenyewe lingalikuwa tusi kwa nti. Alasiri moja mtu wa Pate aliyeshuka gatini akasema ameuona moshi mkubwa upande wa Ras Kitau, kisiwani Manda, na kabla hajamaliza, ukasikika mshindo.

Lilikuwa tanuri la chokaa. Wachomaji walikuwa wamelirundika vibaya, likaporomoka na kupasuka. Watu wetu wamechoma chokaa Manda tangu nyumba zao zilipojengwa, wameuona moshi ule maisha yao yote, wameunusa, wameukohoa. Siku ile waliuona kuwa ni moshi wa manowari. Mtu aliyejikuza sana huona hata tanuri lake mwenyewe limekuja kumshambulia.

Nilikuwa mlangoni kwangu, namtoa mke wangu nje, wakati kichochoro kilipojaa. Waungwana wa Mkomani walikuwa wakikimbia. Si kutembea kwa haraka; walikimbia, kanzu zimeshikwa juu, kofia chini, ndevu pembeni, wakisukumana na wapagazi na kuwapita. Na katikati yao akatupita Ami. Pindo la kanzu alikuwa ameliuma kwa meno. Joho hana, bakora hana, kiatu kimoja. Sikuwahi kujua kwamba mtu wa umri ule anaweza kwenda kasi vile, na miguu yake, Mungu anisamehe, ilikuwa miguu ya mkimbiaji. Mke wangu alimtazama baba yake mpaka akapinda kona.

Tulifuata tukitembea, na jioni tulimkuta shambani, ulikojificha mji mzima, chini ya kipaa cha makuti, anapepewa. Nilimpa salamu yake kamili, nikamuuliza kama hakuchoka kwa kukimbia.

"Mimi sikukimbia," akasema, akinitazama usoni bila haya hata tone. "Nalikuwa na haraka."

Asubuhi watu walikuwa bado wanaogopa kurudi, ingawa wachomaji chokaa walikwisha kuja kueleza. Mke wangu alisema hawezi kulala tena na mbu, akatangulia, nami nikamfuata. Njia ya kuingia mjini ilipita kiwanjani. Nyumba ya Bwana Mkubwa wa siku zile ilikuwa wazi. Yeye alikuwa amepanda mashua jana yake kwenda "kuangalia mambo" upande ambao moshi haukuwapo. Raketi zilikuwa barazani kwake, na mpira mmoja uliokwisha kunyonyoka manyoya.

Mpira aliuokota mke wangu. Akatazama huku na huku; mji mzima haukuwa na mtu. Akafunga buibui kiunoni, akaenda kusimama upande wa pili wa jarife, pale pale aliposimama yule afisa.

"Enda nyuma," akaniambia. "Pale ulipokuwa."

Nikachukua raketi, nikaenda. Akaushika mpira, akaurusha juu ya jarife, laini, kama ule. Nilivua makubadhi nikiwa njiani. Nilikamata kanzu kwa mkono mmoja na nikakimbia, kwa mara ya kwanza tangu utoto, upepo ukiniingia mikononi mwa kanzu.

Nilifika kabla haujaanguka. Nilifika mapema mno hata ilinibidi nisimame, raketi mkononi, niungoje ushuke. Niliuacha ukadunda mbele yangu, ukateremka kwenda baharini, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuupiga. Nikaiweka raketi chini. Hapo ndipo nilipostaafu.

"Waona," mke wangu akasema.

Hakusema kwa ubaya. Akalifungua buibui kiunoni, akajifunika upesi, maana watu walikuwa wameanza kurudi kutoka mashambani, na aliyewatangulia alikuwa baba yake, kiatu kimoja mguuni, akitembea.